Msihesabu Mitutu, Hesabuni Fataki

Mkazi yeyote wa Kagera anaijua picha hii. Meza ndefu imewekwa nje ya kituo cha polisi, magobore yamelazwa juu yake kama mihogo gulioni, pembeni kuna SMG moja, yaani bunduki ya aina ya AK-47, zikizidi ni mbili, na mwisho kabisa wa meza, juu ya kipande cha gazeti, kuna risasi chache ambazo hakuna anayezitazama. Kamanda anataja idadi ya silaha. Waandishi wanaandika. Kesho yake tunasoma kwamba msako umefanikiwa, na watu wa Ngara na Biharamulo wanaambiwa sasa walale usingizi.

Nyuma ya picha hiyo kuna imani iliyokaa vichwani mwa viongozi, waandishi na wananchi kiasi kwamba haiulizwi tena. Silaha ni silaha, wanasema. Kila mtutu unaotolewa kijijini ni hatua moja kuelekea amani. Silaha zenyewe zililetwa na wakimbizi, na ile ambayo haikuletwa na mkimbizi ilifuliwa na mhunzi wa porini. Nimeisikia kauli hii kwa watu ninaowaheshimu, kwenye mikutano ya hadhara na kwenye vibanda vya chai, na nasema wazi kwamba imeoza karibu kila kiungo. Imetufanya tuhesabu miaka yote hii kitu kisichostahili kuhesabiwa. Kinachoamua kama bunduki itaua watu kumi kwenye basi au itabaki bomba la chuma hakimo kwenye mtutu. Kimo kwenye fataki.

Wengi wetu hatujawahi kuitazama. Chukua ganda la risasi ya SMG, lile linalobaki barabarani baada ya gari kutekwa kati ya Lusahunga na Benako. Ligeuze kitako juu. Katikati utaona kikombe kidogo cha shaba, na hicho ndicho fataki: upana wake haufiki milimita sita, kimepigiliwa ndani ya ganda na mara nyingi kimezungushiwa rangi nyembamba, nyekundu au kijani, ili unyevu usipenye. Kama risasi ilishapigwa, kikombe kina kishimo katikati, pale pini ya bunduki ilipogonga. Humo ndani mlikuwa na chembe ya kemikali isiyofikia hata sehemu ya kumi ya gramu. Ikigongwa inalipuka, moto wake unaingia kwenye baruti, baruti inawaka, risasi inatoka. Bila chembe hiyo, baruti ni unga na SMG ni rungu zito lisilo na mizani nzuri. Kisha tazama ukingo wa kitako, kandokando ya kikombe: kuna tarakimu zimegongwa pale, alama ya kiwanda na, kwa kawaida, mwaka. Nitazirudia tarakimu hizo baadaye, kwa sababu ndizo zinazoniudhi zaidi katika jambo hili.

Marekani wako watu wanaojaza risasi za bastola nyumbani kwao, kwa ruhusa ya sheria zao, na mabishano yao makubwa ni juu ya fataki. Huyu anasema za Federal ni laini, zinawaka hata kama springi ya nyundo imelegezwa. Yule anasema za CCI ni ngumu zaidi na ugumu ndio usalama. Wanajaza risasi za kila aina, wanapima mwendo wake kwa mashine, na mara nyingi wanakuta tofauti iliyopo ni ndogo kuliko kelele zilizopigwa. Ngara hakuna ubishi huo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtu nafasi ya kutengeneza risasi bila leseni, na hata kama ingempa, angejazia nini?

Nimewataja Wamarekani hao kwa sababu moja tu. Wana kila kitu. Ganda lililotumika wanalisafisha na kulitumia tena na tena. Vichwa vya risasi wengine wanavimimina wenyewe kwa madini ya risasi. Baruti wananunua kwa makopo. Lakini fataki hununuliwa dukani, na viwanda vikubwa vinavyoitengeneza nchini mwao vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2020 korona ilipoingia na watu wakakimbilia kununua bunduki, fataki zikakauka. Boksi la fataki elfu moja lililokuwa likiuzwa dola thelathini na kitu likapanda hadi kupita dola mia moja, kwa aliyebahatika kuliona. Nchi yenye bunduki nyingi kuliko raia wake ikawa na walenga shabaha waliokaa nyumbani na maganda masafi na baruti tele, wasiweze kufyatua hata mara moja.

Kama mambo yalikuwa hivyo kwa Mmarekani mwenye duka mtaani kwake, jambazi aliyejificha katika mapori ya Kimisi anapata wapi?

Na huyu wa kwetu amebanwa zaidi. Karibu fataki zote za risasi duniani ni za mifumo miwili, yote ya miaka ya 1860. Mmoja ni wa Kanali Edward Boxer wa Uingereza, mwingine wa Hiram Berdan wa Marekani. Kwa kichekesho cha historia, Wamarekani wakaishia kuupenda wa Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya pamoja na Urusi yakauchukua wa Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo fataki iliyokwisha inasukumwa nje kwa pini na nyingine inaingizwa. Ganda la Berdan lina matundu madogo pembeni na kinundu katikati, na pini haina pa kupita. Risasi za kijeshi za SMG, za Kichina na za Kirusi, ni za Berdan, na maganda yake mengi ni ya chuma, si ya shaba. Likishapigwa limekwisha. Maana yake ni hii: kila risasi iliyopigwa juu ya lori la mizigo pale Nyakahura ilitoka kiwandani ikiwa mpya, ikaingia ghalani, ikaandikwa kwenye daftari la mtu, ndipo ikapotea njia. Hakuna mhunzi katika mnyororo huo. Hakuna gobore. Kuna kiwanda, ghala na daftari.

Sasa tumwangalie huyo mhunzi tunayemsaka kwa bidii. Kufua chuma si jambo geni upande huu wa ziwa. Warongo wa Uzinza waliyeyusha chuma na kufua majembe kabla Mjerumani hajajenga boma lake Biharamulo, na Wahaya kaskazini yao walikuwa na tanuri ambazo wanaakiolojia wanazisoma mpaka leo. Kwa mtu mwenye urithi huo, mtutu si muujiza, wala kitako cha mti, wala nyundo. Anachoshindwa ni fataki. Ndiyo maana gobore la kienyeji huwashwa kwa vitu vya kubahatisha vya jamii ya kiberiti, vinavyogoma mvua ikinyesha, vinavyochelewa, na mara nyingine vinavyomlipukia mwenyewe usoni. Ukifyatua mara moja, unasimama ujaze upya kupitia mdomo wa mtutu, kwa kijiti, huku nguruwe uliyemkosa ameshavuka mto.

Najua gobore linaua. Limeua tembo na nyati katika mapori ambayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Limeua wazee waliosingiziwa uchawi na ndugu waliogombania shamba. Sisemi liachwe lizurure. Nasema si kitu kimoja na SMG, na anayeviweka kwenye fungu moja hajui anachopigana nacho. Majambazi waliofanya mabasi ya Ngara, Biharamulo na Kibondo yasindikizwe na askari wenye bunduki miaka ya 1990 na 2000 hawakusimamisha basi kwa chombo cha kufyatua mara moja. Dereva yeyote wa njia ile angelikanyagia gari huku mwenye gobore akitafuta kijiti chake.

Sheria yetu, kwa bahati mbaya, imeimeza ile kauli ya silaha ni silaha nzima nzima. Kukutwa na silaha bila kibali kumeingizwa kwenye makosa ya uhujumu uchumi, na baada ya marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mkulima wa Rulenge anayelinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori na gobore la baba yake anasimama chini ya sheria ileile anayosimama chini yake mtu aliyekamatwa na SMG na magazini tatu zilizojaa. Mtaalamu wa silaha analeta ripoti kwamba chombo kilijaribiwa na kinafyatua. Ni kweli, kinafyatua. Hakuna anayeuliza kinafyatua mara ngapi kwa dakika, na kwa fataki gani.

Cha ajabu ni kwamba wakoloni waliliona jambo hili tangu mapema. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo yetu. Kisingizio kilikuwa biashara ya utumwa, na sehemu ya sababu ilikuwa hivyo kweli. Iliyobaki ilikuwa kwamba askari wao walikuwa njiani kuja kututawala na hawakutaka kukutana na watu wenye silaha kama zao. Mkataba ule uliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Hizo Mwafrika angeweza kuuziwa. Waliochora mstari ule walijua pa kuuchora. Waliupitisha palepale moto unapowashwa, kati ya jiwe na fataki. Miaka mitano baadaye, Januari 1895, mfanyabiashara Charles Stokes, aliyefahamika sana Unyamwezi na Buganda, alinyongwa Kongo kwa amri ya Kapteni Lothaire, akituhumiwa kuwauzia silaha na baruti maadui wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wazungu walimnyonga Mzungu mwenzao. Ndivyo walivyokuwa wakilichukulia suala la nani anashika chanzo cha moto. Sisi tumerithi sheria zao za silaha, tukaiacha akili iliyokuwa nyuma yake.

Nije kwa wakimbizi, maana hapa ndipo kauli ya wengi inapojiona imeshinda. Warundi walianza kumiminika Ngara baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne au zaidi kidogo, na kambi ya Benako ikawa mji mkubwa kwa wiki moja. Mpakani walivuliwa silaha. Picha za malundo ya mapanga pale Rusumo zilizunguka dunia nzima. Kwamba bunduki nazo zilipenya, sibishi. Walikuwemo askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wake, na mpaka una vichaka virefu. Kabla yao tulikuwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, navyo havikuacha mikono mitupu. Sawa.

Lakini Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Lukole, kambi ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Bunduki ikipakwa mafuta na kufichwa vizuri inaishi nusu karne. Risasi iliyofukiwa kwenye gunia, kwenye udongo wa Ngara wenye mvua zake mbili kwa mwaka, haiishi hivyo. Unyevu ukiifikia fataki, risasi inagoma. Kwa hiyo anayeniambia ujambazi wa miaka ya karibuni unaendeshwa na shehena ya 1994 anieleze risasi hizo zilitunzwa ghala gani.

Na hapa ndipo zile tarakimu za kitako zinapoingia. Ganda likiokotwa kwenye tukio na mwaka wake ni wa baada ya 1996, mkimbizi aliyevuka Rusumo 1994 hakuja nalo. Hahitajiki profesa kulifahamu hilo. Likiwa na mwaka wa baada ya 2008, hata Lukole haihusiki. Ni hesabu ya darasa la tatu, na ingeweza kumaliza ubishi wa miaka mingi juu ya nani alitulipulia amani yetu. Lakini katika taarifa za misako nilizosoma sijaona alama za vitako vya risasi zikitajwa. Tunaambiwa "risasi za SMG", basi. Mkimbizi anaendelea kubeba lawama kwa sababu hakuna aliyegeuza ganda akalisoma.

Kule Kenya maganda yaligeuzwa. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan, akifanya kazi na shirika la Small Arms Survey la Geneva, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini. Hadithi ya mtaani ilikuwa ileile tunayoijua sisi: risasi zinatoka ng'ambo, kwa Watoposa wa Sudan, kwa vita vya watu wengine. Vitako vya risasi vikasema vingine. Karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria zilitoka kwenye hazina ya vyombo vya usalama vya Kenya yenyewe, nyingi zikiwa na alama ya kiwanda cha serikali cha Eldoret, zimegawiwa ili Waturkana wajilinde. Nia haikuwa mbaya. Lakini usingeijua kwa kuhesabu bunduki, hata kama ungezihesabu mpaka kesho.

Sisemi Ngara ni Turkana, wala simtuhumu mtu. Nasema kule Kenya ukweli uliweza kujulikana, na sisi tumeamua kutojua.

Dunia nayo imetusaidia kutojua. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia chanzo cha silaha yalihusu bunduki. Risasi zikaachwa nje baada ya mvutano mrefu. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, imeandika vizuri zaidi: inapotafsiri risasi inataja ganda, baruti, kichwa na fataki, kila kimoja kwa jina. Imo kwenye karatasi. Mezani kwa kamanda haimo. Mwaka 2023 ndipo Umoja wa Mataifa ulipopitisha mfumo wa kusimamia risasi tangu kiwandani hadi mwisho wake, na mfumo wenyewe ni wa hiari.

Wale wanaosema risasi ni ndogo mno kufuatiliwa watazame Brazil. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya dola ziwe na namba ya fungu kwenye kitako cha ganda. Machi 2018 diwani Marielle Franco aliuawa kwa risasi jijini Rio de Janeiro pamoja na dereva wake. Maganda ya milimita tisa yaliyookotwa pale yalikuwa na alama ya fungu la UZZ-18, na haikuchukua siku nyingi kabla nchi nzima haijajua kwamba fungu hilo liliuzwa kwa Polisi ya Shirikisho mwaka 2006. Alama ile haikumtaja muuaji. Ilionyesha mlango ambao risasi zilitokea, na tangu hapo hakuna waziri aliyeweza kusema zilidondoka kutoka mbinguni.

Tanzania haishindwi. Tuna Shirika la Mzinga kule Morogoro, lililoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, chini ya Wizara ya Ulinzi. Nchi yenye kiwanda chake cha risasi inaweza kuamua kesho asubuhi kwamba kila fungu linalokwenda polisi, magereza, hifadhi au jeshi liwe na alama yake. Kinachonunuliwa nje kinaweza kuagizwa na sharti hilohilo. Wabelgiji walishaona uzito wa jambo hili kwa upande wao: mwaka 2005 leseni ya kampuni ya New Lachaussée ya kuleta mitambo ya kutengenezea risasi hapa Tanzania ilikwama, baada ya kelele nyingi kwamba risasi zingeweza kuvuja hadi kwenye vita vya Maziwa Makuu. Kelele zile zilituudhi wengi, na zilikuwa na kiburi ndani yake. Bado swali lao lilikuwa sahihi, na jibu bora lingekuwa kuwaonyesha vitabu vya ghala vilivyonyooka.

Nitaambiwa hizi ni siri za ulinzi. Siri gani inayolala kando ya barabara? Ganda likishatoka kwenye bunduki ya jambazi, mtoto mchunga mbuzi anaweza kuliokota na kulisoma. Anayefichwa hapo ni mwananchi aliyelipa kodi, peke yake.

Nitaambiwa pia kwamba misako ilileta utulivu. Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, dhidi ya wahamiaji haramu na ujambazi, ilikusanya silaha, ndiyo, na pamoja nazo iliwang'oa watu waliozaliwa hapahapa na vizazi vyao wakasukumwa ng'ambo ya mpaka kwa sababu majina yao yalisikika Kirundi au Kinyarwanda. Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, iliyofuata Oktoba mwaka huohuo, ilisitishwa ndani ya wiki chache kwa ukatili wake, mawaziri wanne wakapoteza kazi. Operesheni zote mbili, pamoja na malengo yake mengine, zilitafuta mitutu. Utulivu uliopatikana barabarani naona ulitokana zaidi na lami, simu za mkononi, doria, na kutulia kwa Burundi baada ya vita vyake. Magobore yaliyochukuliwa kwa wazee wa Bushubi, huko Ngara, hayakuwa na mchango mkubwa humo.

Misamaha ya kusalimisha silaha kwa hiari ambayo Wizara ya Mambo ya Ndani imekuwa ikiitangaza ni jambo jema, na nawashauri wenye magobore wayapeleke. Ila tangazo la msamaha lingeanza na risasi, si bunduki. Mtu akileta SMG bila risasi ameleta chuma. Akileta risasi ishirini bila bunduki, ameleta ushahidi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Maganda na risasi zilizookotwa Ngara na Biharamulo katika kesi za unyang'anyi wa kutumia silaha yako kwenye stoo za vielelezo, au yalikuwapo hadi kesi zilipokwisha na amri ya kuteketeza ikatolewa. Wabunge wa majimbo haya wasimame Dodoma wamuulize waziri: katika maganda hayo, ni alama za viwanda gani zilizoonekana, ni za miaka gani, na mangapi yanafanana na yaliyomo kwenye maghala yetu wenyewe? Na waombe jibu kwa maandishi, kabla amri nyingine ya kuteketeza haijatolewa.